Neno la Kuondolea Wakubwa

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimekwisha! Naandika haya nikiwa chooni kiwandani, mlango nimeufunga kwa ndani. Mlinzi amegonga mara tatu akiuliza kama nimezimia. Nimemjibu ni tumbo. Niko humu tangu saa nne asubuhi.

Ilivyokuwa. Niliingia ofisini kwa Bwana Luo, meneja wetu Mchina, kumpelekea orodha ya marobota. Hakuwapo. Mezani pake karatasi moja ya Kichina, imeandikwa kwa mkono, mistari sita. Mimi ndiye mkalimani wa kiwanda hiki cha kuchambua pamba, kwa hiyo kusoma karatasi za meneja ni kazi yangu, hata zile zilizofunikwa na kikombe. Nikasogeza kikombe. Mstari wa tatu: jina langu! ZENGO, kwa herufi zetu hizi hizi. Kando yake herufi mbili za Kichina nisizozijua.

Nisizozijua ni nyingi, nakiri humu daftarini tu. Kozi ya Dodoma ilikuwa ya miaka miwili, mimi nilikaa miezi minane. Nikapiga picha ya mstari huo tu kwa simu. Simu ikamulika ofisi nzima kama radi. Nikakimbia, kikombe sikumbuki kama nilikirudisha. Humu chooni simu imenitafsiria. Neno linasomeka "bamian". Maana yake, kumwondoa mtu madarakani.

Nimelisoma mara kumi na moja. Halibadiliki.

Ni Paschal tu huyu! Paschal karani wa mizani. Tangu mwezi wa tano anaokota Kichina kwa mafundi. Anajua "ni hao", ile salamu yao, na kuhesabu mpaka mia, basi, lakini kila asubuhi yuko getini kumsalimu Bwana Luo, meno yote nje. Anakitaka kiti changu.

Jioni. Sikumwambia Kabula. Mke wangu ana tabia ya kuuliza swali la pili. Nilipoacha ugali nusu akaniambia, Baba Debora, wewe ugali hujawahi kuuacha hata siku ya msiba. Nikasema joto. Akatazama dirishani, kulikuwa na upepo.

Jumanne, 15 Julai

Leo kikao cha kila mwezi cha wafanyakazi na meneja, kwenye banda la marobota. Kila Bwana Luo aliposhika kalamu niliona ndiyo hiyo sasa.

Msemaji wa wafanyakazi ni Mzee Maganga. Mtu wa kijiji cha Lingeka, ng'ombe wengi, maneno mengi zaidi. Akasimama, akavua kofia, akaanza na Mwangaluka yake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Kisha akauliza habari za nyumbani kwa Bwana Luo, za wazazi wake, za mvua ya huko China, kama malisho yapo, kama watoto wanakunywa maziwa. Ndiyo adabu ya Wasukuma. Huwezi kumrukia mtu na shida yako kama mgambo. Dakika kumi na tano nzima, na mimi natafsiri vizuri tu, Kichina changu kinafika mpaka kwenye mifugo.

Tatizo ni kwamba kinaishia hapo hapo kwenye mifugo. Mzee akifika kwenye shida yenyewe mimi nimeshakauka. Leo shida ilikuwa barakoa. Vumbi la pamba, alisema, linawala vifua, na kama meneja ana mama yake aangalie Nyamizi. Nyamizi yuko mashine ya pili. Alikuwa anakohoa huku ameshika mbavu, kitenge mdomoni. Watu wote wakanitazama mimi.

Nikamgeukia Bwana Luo. Nikasema, "Wanakusalimu."

Bwana Luo akainama, akashukuru, akapiga makofi. Tukapiga wote. Kikao kikafungwa.

Hiyo ni mara ya nne tangu mwaka jana wao kuomba barakoa. Mimi naona nafanya la hekima. Meneja akichekeshwa na salamu, hamkasirikii mtu. Neno la barakoa nitalitafuta siku moja. Na mimi si mkalimani tu, ni mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, walinichagua kwa kunyoosha mikono kwa sababu mimi ndiye mwenye lugha. Kwa hiyo najua ninachofanya.

Baada ya kazi nikachukua bodaboda mpaka Somanda, kwa Mwalimu Lukresia. Anafundisha sekondari, na alisoma China miaka minne. Ndiye mtu pekee Bariadi ambaye Kichina chake kinanitisha. Nikamwonyesha picha, jina langu nimelifunika kwa kidole gumba. Nikasema ni mambo ya rafiki yangu.

Akaangalia picha. Akaangalia kidole. Akaweka chini daftari la mwanafunzi alilokuwa akisahihisha.

Akasema hilo ni neno zito. Halisemwi jikoni wala sokoni, ni la kwenye katiba na magazeti. Ni la mtu mwenye wadhifa, meya, waziri, mwenyekiti, anapoondolewa na wale waliompa huo wadhifa, kwa utaratibu, mara nyingi kwa kura. Mpishi au mlinzi hawaondolewi kwa neno hilo. Hao wana neno lao la kawaida, "citui", mwajiri anakupa barua unakwenda zako.

Nikauliza, na mkalimani je? Akasema mkalimani ni citui tu. Halafu akaniuliza, huyo rafiki yako ana wadhifa wowote? Na waliomchagua wanamwonaje? Nikasema wanampenda mno. Akasema kama ni hivyo, angemshauri huyo rafiki aende kesho asubuhi, mapema, akamweleze meneja yale yote ambayo watu wamekuwa wakiyasema. Kabla ya Ijumaa, alisema. Hakunitazama.

Sikuelewa Ijumaa imeingiaje. Walimu wanapenda kuweka tarehe.

Jumatano, 16 Julai

Sikulala, lakini asubuhi nimeamka na fikra mpya. Neno la mawaziri! Bwana Luo angeweza kunitupa kwa neno la wapishi, na hakufanya hivyo. Kwa hiyo machoni pake mimi ni mtu wa ngazi ile. Nimevaa kaunda suti ya harusi ya shemeji. Kabula akauliza nani kafa.

Hofu haikutoka, lakini sasa ilikuwa imevaa suti.

Nikakaa stoo mchana kutwa nikipanga. Kama Paschal ananichimba kwa neno lile, nami nitamchimba kwa lile lile. Nikaandika barua kwa Kichina. Simu kushoto, kalamu kulia, herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Saa nne nzima kwa mistari miwili! "Mheshimiwa Meneja. Naomba Paschal wa mizani aondolewe madarakani." Neno nililitumia mara mbili, na la pili nikalipigia mstari. Niliogopa hata kuukausha wino wake. Nikaisukuma chini ya mlango wa ofisi, nikakimbia kwa njia ya nyuma ya lundo la mbegu. Suti imejaa nyuzi za pamba mpaka masikioni.

Njiani nikakutana na Mzee Maganga na wenzake watano, wamekaa kwenye magunia, wamenyamaza. Mzee huyu kunyamaza! Nikawasalimu, Mwadila. Wakaitika, lakini kwa mkato. Moyo ukanipasuka. Lazima Paschal kawaloga kwa maneno.

Alhamisi, 17 Julai

Bwana Luo ameniita saa tatu. Barua yangu mkononi. Alikuwa haelewi, paji la uso limekunjamana. Akauliza, huyu Paschal ana wadhifa gani?

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Neno lile linataka wadhifa, mwalimu alishasema. Nikisema hana, mimi nimeandika upuuzi, na mtu wa upuuzi ni rahisi kumfukuza. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Nikasema, ni kiongozi.

Kiongozi wa nini?

Nikasema, wa watu.

Watu wangapi?

Nikasema, "Bariadi." Nilitaka kuongeza "kiasi", nikakosa neno lake.

Bwana Luo akavua miwani. Akasema mwaka mzima ameishi hapa na hakuna aliyemwambia kwamba anapimisha pamba kwa kiongozi wa watu. Akauliza kwa nini nataka aondolewe, mimi kama nani. Nikasema nitafikiri. Nikatoka kinyumenyume.

Saa nne akamwita Paschal ofisini. Nilichungulia dirishani. Paschal amepewa kiti! Mimi mwaka wa pili huu natafsiri nimesimama. Akamiminiwa chai ya ile chupa ya Bwana Luo mwenyewe, yenye majani yanayoelea. Paschal alikuwa anaogopa kuliko mimi, kikombe kinagonga kisahani. Bwana Luo akamwuliza kitu. Paschal akasema "ni hao". Akaulizwa tena. Akahesabu mpaka kumi. Nikafurahi. Nikajua amekwama.

Halafu Paschal akasimama. Akatoa pamba mfukoni, akaipukuta hewani, vumbi likaruka kwenye mwanga. Akakohoa. Akakohoa tena akiwa ameshika mbavu kama Nyamizi, mpaka akainama. Akafunga leso puani, akavuta pumzi, akatabasamu. Akaonyesha kidole kwenye mashine ya pili. Mchezo mzima dakika moja.

Bwana Luo akasimama na yeye. Akaenda mpaka mashine ya pili, akakaa pale muda mrefu, akarudi nywele nyeupe kwa vumbi, anakohoa.

Akaniita. Akauliza kwa nini watu hawa hawajawahi kumwambia. Akakumbusha kwamba kila mwezi anawauliza wana shida gani.

Nikasema wanamsalimu.

Mungu wangu. Ndilo lililokuja.

Jioni nikamwambia Kabula kila kitu, sikuweza tena kulibeba. Alisikiliza hadi mwisho, anachambua mchicha. Akauliza swali la pili: hizo barakoa, kwani ulikuwa umezikataza wewe? Nikasema hapana, nilikuwa nimeziahirisha. Akasema Nyamizi ni binti wa shangazi yake, na kwamba wiki ya tatu hii analala ameketi kwa sababu akijilaza anabanwa. Hakuniambia kwa ukali. Kwa ukali ningejitetea.

Ijumaa, 18 Julai

Andika tu Zengo, andika, yaishe.

Saa mbili asubuhi tangazo, kikao cha dharura, wote bandani. Nikafika na kumkuta Mwalimu Lukresia ameketi mstari wa mbele. Furaha iliyonipata! Nikajua kaja kunitetea. Nikampungia. Akajifanya anatafuta kalamu kwenye mkoba.

Mzee Maganga akasimama. Akavua kofia. Nikajiweka sawa kwa Mwangaluka, nimeshaitengeneza mdomoni kwa Kichina.

Hakusalimu!

Aliingia moja kwa moja. Bila habari za nyumbani, bila mvua, bila maziwa ya watoto. Miaka thelathini na minane tangu nizaliwe Usukumani, sijawahi kuona mzee wa umri ule akisimama mbele ya mgeni na kuanza na shida. Kuna akina mama waliotazama chini kwa aibu ya kusikia. Alisema maneno machache tu, na yote yalikuwa juu yangu. Kwamba walimweka mtu awe mdomo wao, na mdomo ule umekuwa ukila maneno yao. Kwamba wameandika barua, mwalimu kawaandikia kwa lugha ya meneja mwenyewe, na barua iko mezani kwa meneja tangu Jumatatu. Kwamba leo wanataka kumtoa mwenyekiti wao kwa mikono ile ile waliyomwekea.

Barua ni yao! Si ya Bwana Luo wala ya Paschal. Wiki nzima nimeogopa mlango usio wenyewe.

Ilikuwa zamu yangu kutafsiri. Watu mia na kumi wananitazama. Bwana Luo ananitazama. Nikafungua mdomo, naapa nilikuwa nimeamua kusema kweli, neno bamian nilikuwa nalo tayari.

Nikasema, "Anakusalimu."

Bwana Luo hakuinama. Hakupiga makofi. Alinitazama, halafu akasema polepole, kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Neno analolisikia kila mwezi kwa mwaka mzima. Kisha kwa Kichina: hilo, leo, sikulisikia.

Akamgeukia Mwalimu Lukresia.

Mwalimu akatafsiri. Jamani, kumbe Kichina kinaweza kuwa kirefu namna ile! Alitafsiri ya leo, akarudi kwenye barua, ambayo iliomba kura tu bila kutaja sababu, akaeleza ya miezi yote. Barakoa mara nne. Mkanda wa mashine usio na kinga. Nyamizi anayelala ameketi. Nikaona uso wa Bwana Luo ukibadilika kidogo kidogo, na nikaona kwamba alikuwa na haya. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayeogopa mle bandani. Akasimama akainama mbele ya Nyamizi, na safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Ikaja kura. Mzee Maganga akasema anayetaka Zengo aondolewe anyooshe. Mikono ikapanda kama mtama. Mashine ya kwanza, ya pili, wapakiaji, mlinzi aliyenigongea choo. Nikatazama huku na huku. Nikaona hakuna mkono uliobaki chini isipokuwa wangu, na macho yote yanautazama huo mmoja.

Nikaunyoosha. Niliogopa kubaki peke yangu.

Mwenyekiti mpya ni Paschal. Walisema wamemchagua kwa kuwa meneja amempa kiti na kumnywesha chai, na tangu kiwanda kifunguliwe hakuna aliyepata heshima hiyo, hivyo bila shaka atasikilizwa. Paschal alilia. Hajui hata sasa heshima ile aliipataje.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekaa ndani, mapazia chini. Hata hivyo nimetafakari na nimepata nafuu. Kilichoondoka ni uenyekiti tu. Ukalimani bado ninao! Na nimeondolewa kwa neno la mawaziri, mbele ya watu mia na kumi, kwa utaratibu. Wangapi Bariadi wanaweza kusema hivyo? Nimemweleza Kabula uzito wa neno lenyewe, kwamba liko kwenye katiba. Akauliza kama waziri akiondolewa nalo, naye huoshewa vyombo. Nimeosha vyombo.

Mwanangu Debora kaniuliza kwa nini kikombe kimoja nakiosha mara tatu. Nikamwambia kina doa.

Jumatatu, 21 Julai

Maboksi ya barakoa yamefika, yamepangwa getini. Kila mtu amevaa. Sikuweza kujua nani ananicheka na nani hapana, na hilo ni baya kuliko kucheka kwenyewe. Nyamizi peke yake alisimama akanisalimu, kwa kuinama, kama kawaida yake. Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia naharakisha.

Bwana Luo ameniita. Mwalimu Lukresia yupo, atakuja mara mbili kwa wiki baada ya vipindi. Karatasi mezani, mistari miwili. Nikatafuta herufi zangu mbili, sasa nazijua hata gizani. Hazipo! Zipo nyingine. Nikamwuliza mwalimu, akasema kwa upole, ni citui.

Neno la wapishi.

Hapo hofu yote ikanitoka, nikakasirika. Nikamwambia Bwana Luo, kwa Kichina safi kuliko nilivyowahi kusema maishani, kwamba naomba barua iandikwe upya, na neno liwe lile kubwa. Alinisikiliza kwa makini, akanipa pole. Akasema lile si lake kulitumia, ni la wale walionichagua, na wao wameshalitumia. Yeye alichonacho ni hili dogo tu. Akanipa kopo la majani ya chai. Nikalipokea kwa mikono miwili. Njia nzima ya kwenda nyumbani hofu ikarudi, ikakaa nami kwenye bodaboda.

Kabula hakuuliza swali la pili. Alichemsha maji tu.

Jumanne, 29 Julai

Lamadi, huku ziwani! Mambo yamenyooka. Yuko mnunuzi Mchina wa mabondo, vile vibofu vya ndani ya sangara, kaanza kununua mwezi huu, hana mkalimani. Kwenye barua ya maombi nimeandika, "Nimewahi kuondolewa madarakani kwa neno la kikatiba." Nimepokelewa siku hiyo hiyo.

Safari hii nimejipanga. Nimechukua fundisho langu. Kabla sijafungua mdomo nimewaomba wachuuzi wa samaki wanipe wadhifa kwanza, kwa mikono, kusudi siku nikitolewa nitolewe kwa neno linalostahili. Wakanyoosha. Ni mwenyekiti tena! Nimevaa ile suti, nyuzi za pamba nimezitoa karibu zote.

Kikao cha kwanza leo saa tano. Mnunuzi akakaa, mimi nimesimama kando yake. Akainuka Monika, mama wa makamo, msemaji wao. Akaanza na salamu, akauliza ya nyumbani, ya wazazi, ya safari. Nikatafsiri bila kukwama. Kisha sauti yake ikashuka. Akasema mabondo yanawaozea mikononi, mnunuzi aliahidi kuja kila siku ya tatu na wiki nzima hakuonekana, na wako wanawake hapa wanaolisha watoto kwa kazi hii tu. Alisema mengi. Nyuma yake akina mama wote wananitazama.

Nikatoa uzi mmoja wa pamba uliobaki kwenye mkono wa suti.

Nikamgeukia mnunuzi. Nikamwambia anamsalimu.